Koti Yenye Ilipiga Risasi Kule Beni

Kama haujapitishwa katikati ya soko muchana wazi, na koti ya mutu mukononi sawa kuku yenye uliiba, na batu banaacha kuuza nyanya juu ya kukuangalia, basi haya haujaiona bado, umeisikia tu. Mimi nimeiona. Niliiona Beni, wakati ya vita, nikiwa na nguo ya sherehe mwilini na kiatu moja tu muguuni (ile ingine ilibakia chini ya bâche, ile hema ya sherehe, na mpaka leo sijue nani aliichukua). Nawaelezea ginsi ilikuwa juu kuko batu hapa Butembo benye banaielezeaka vibaya, eti mimi Masika nilishona koti yenye inapigaka risasi. Koti haipigaka risasi, bandugu. Musikilize kwanza, kisha mutacheka, najua mutacheka tu.

Mimi ni couturière, fundi wa kushona. Nilikuwa na atelier yangu hapa Butembo, kachumba ka mbao kando ya barabara, na kazi yangu ilikuwa nguo ya banamuke: robe ya ndoa, libaya, uniforme ya chorale. Nguo ya banaume nilikuwa naikataaka, juu mwanaume anakuja kupimwa akiwa amevuta tumbo ndani, kisha anarudia na tumbo yake ya kweli na anasema umemuibia kitambaa. Mais siku moja mudogo yangu Kavira akaingia na muchumba wake, akaniangalia na yale macho yake, akasema: «Yaya, umushonee Kambale koti.» Mudogo anakuomba kitu mbele ya muchumba wake, utasema nini? Nikasema ndiyo. Makosa inaanzaka na ndiyo.

Huyu Kambale alikuwa kijana ya Beni, garde du corps, mulinzi wa Commandant moja kule. (Wakati ile kila upande ilikuwa na Commandant yake, na kila Commandant alikuwa anatembea na bajeune benye banaangalia kushoto na kuume sawa bamepoteza mbuzi.) Hakukuwa mutu mubaya, nasema kweli. Anasalimia vizuri, anacheka na batu. Alikuwa na ugonjwa moja tu, na ugonjwa yenyewe ilikuwa pistolet. Bale ba Commandant balikuwa bamemupa mupya, nyeusi, na alikuwa anaipenda sawa mwenye amezaa mutoto wa kwanza.

Akaitoa ku kiuno, akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia, katikati ya kitambaa ya robe ya mutu.

«Kambale, utoe hii kitu hapa. Naogopa.»

«Yaya, usiogope. Hii haiko sawa zile za zamani.»

Mimi nikainama kidogo kuangalia. Si munajua, wakati ile sisi bote tulikuwa tumezoea bunduki bila kutaka, ku barrière ya barabara unaona mutu anashusha kale kachuma ka pembeni kenye kanazuia risasi na unaelewa kama mambo imeharibika. Nikatafuta kale kachuma. Hakuna.

«Sûreté yake iko wapi?»

«Haina, Yaya.»

«Haina?»

«Haina. Ni ya kisasa. Sûreté yake iko ndani ndani. Ikianguka, haipigi. Uipige na nyundo, haipigi. Mpaka kidole ifinye gachette, njo inapiga. Na kidole yangu iko na adabu.»

«Na risasi? Iko ndani?»

Akanicheka. «Yaya, garde du corps mwenye hana risasi tayari mu canon, huyo ni mutu wa kubeba valise.»

Kavira naye akacheka. Mimi nikakamata mètre yangu ya kupimia. Alikuwa anataka blouson, koti fupi, yenye inaishia juu ya kiuno, juu siku familia yake ingetupokea Beni kwa mambo ya mahari, Commandant angekuwa mwalikwa, na mbele ya Commandant hawezi kukosa chombo yake. Donc koti isifunike étui, ule mufuko ya pistolet ku kiuno. Nikapima, nikakata, nikamuita essayage, aijaribu. Akavaa, akaenda nyuma ya atelier (nilimuambia aangalie ukuta, habari ya kuangalia upande ya batu hapana), akachomoa pistolet, akairudisha, akachomoa, akairudisha. «Iko bien, Yaya. Bien kabisa.» Akarudia Beni, mimi nikabakia na koti ya kumalizia.

Sasa hapa njo kale kakitu kadogo kenye kaliniletea aibu yote. Nilikuwa pekee yangu, nimetundika koti, ninaiangalia, na sikuipenda. Ku kiuno ilikuwa inafura sawa fufu yenye imechemka. Nikasema: hii ikionekana mbele ya familia nzima, batasema dada ya bibi-arusi hajue kazi. Nikatafuta kamba muzuri, nyeusi, nikaipitisha mu pindo ya chini, nikatoa ncha zake inje, moja kushoto, moja kuume, ile ya kuvuta juu koti ikamate kiuno, na ku kila ncha nikatia shanga ya mbao. Hakuna mutu aliniomba. Ilikuwa zawadi yangu. Sasa muniambie, koti ngapi ziko na kamba mu hii dunia? Bapadri habavaake koti ya kamba? Bachauffeur habavaake? Ndiyo! Basi.

Siku yenyewe tulitoka Butembo mapema, mu camionnette, sisi ba familia, na Tantine yetu wa Vuhovi mwenye njo alikuwa mukubwa ya safari. Ku barrière moja soda, askari wa pale, akafungua kifurushi ya koti, akavaa koti, akajiangalia mu kioo ya gari, akavuta kamba, akasema itabakia naye. Tantine akashuka. Akamuambia: «Mwanangu, uivue, ama nitakuvulia mimi, na mimi ni mama wa umri ya mama yako.» Akaivua. (Mara zote nawazaka: kama Tantine angenyamaza, mimi leo ningekuwa mutu wa heshima.)

Kule Beni bakatupokea vizuri, siwezi kusema uongo. Bâche imefungwa, viti ya kanisa imeletwa, nyungu ya maharagi ku kando, bambuzi ba mahari bamefungwa nyuma ya nyumba. Pasta akaomba. Commandant akafika na lunettes yake nyeusi ya macho, akaikalia kiti yenye mikono, bajeune bake bakabakia ku mulango ya barabara. Kambale akaingia mu nyumba kuvaa, akatoka na koti, na, bandugu, mutu alikuwa muzuri! Kiuno imekamata, mabega imesimama. Bamama bakapiga bigelegele. Kavira alikuwa anajificha uso na leso juu ya furaha.

Commandant akauliza: «Nani alishona hii?»

Nikasimama. Hakuna mutu alinisukuma, nilisimama mimi mwenyewe, mbio, sawa mutu mwenye bameita jina yake kupokea certificat. «Ni mimi, Afande.»

«Nitataka sawa hii kwa bajeune bangu bote. Mais haitamuzuia kuchomoa?»

«Hapana, Afande. Tuliijaribu nayo.»

(Tuliijaribu bila kamba. Ile sikuisema. Sikuiwaza ata.)

«Kambale, onesha.»

Pasta akanyanyua mukono kidogo: «Commandant, hapa tuko mu sherehe...»

«Pasta, utulie. Ni kijana yangu.»

Kambale akachomoa. Pfuu, sawa umeme. Batu ba mbele bakavuta viti nyuma, kisha bakacheka, bakapiga mikono, na mimi pia nilipiga mikono, nazisikia mpaka leo hizi mikono. Sasa alikuwa anairudisha. Mais alikuwa haangalii étui, alikuwa anamuangalia Kavira, anacheka na meno yote, na mukono inatafuta njia pekee yake ku kiuno. Niliona bega yake inasukuma. Niliona inasimama, sawa kitu imekataa. Niliona inasukuma tena, na nguvu.

Poom!

Risasi ilipita mu suruali yake, ikachana nyama ya muguu nyuma, ikaingia mu udongo karibu na nyungu ya maharagi. Kidogo sana ingempata mama mwenye alikuwa anakoroga. Ile mama alibakia amesimama na mwiko juu, mudomo wazi, bila sauti. Na kama ingeishia pale, tungesema ni bahati. Mais bajeune benye balikuwa ku barabara balisikia risasi ndani ya lupango, ile kiwanja ya nyumba yenye Commandant iko, na babo habaulizake, bakaanza kupiga mu hewa. Barrière ya mbele ikasikia, nayo ikapiga. Ndani ya dakika kidogo avenue nzima ilikuwa inakimbia, batu na magodoro ku kichwa, «Bameingia! Bameingia!», na hakuna mutu alikuwa ameingia, ilikuwa ni sherehe ya mudogo yangu. Bâche ikaanguka juu ya pasta. Tantine wa Vuhovi aliingia chini ya meza, na wakati alikimbia, meza ilikimbia naye.

Chini, katikati ya viti, Kambale alikuwa amekamata muguu na analia: «Koti! Koti imenipiga!»

Koti! Nilisikia na masikio yangu. Mutu ameweka pistolet ku kiuno yake, risasi tayari, amesukuma na mukono yake, na mwenye kosa ni koti.

Bajeune bakaingia kutafuta Commandant ku kiti yake, habakumuona. Balimukuta nyuma ya nyumba, amelala tumbo chini kati ya bambuzi, lunettes imevunjika, na mbuzi moja inamuangalia. Bote tulimuona. Na mimi, wakati nilimuona anapangusa mavi ya mbuzi ku chemise, nilijua mutu atalipishwa hii kitu, na haitakuwa yeye mwenye alisema «onesha».

Akatafuta kwanza sauti yake. Kisha akauliza tena: «Nani alishona?»

Mara hii sikusimama. Haikuwa lazima, kila kidole ilikuwa imeshaniangalia.

Soda moja akamuvua Kambale koti, akaiinua. Ncha ya kamba ya kuume ilikuwa imekatika katikati, nyeusi ya baruti, shanga haiko. Ilikuwa imeingia mu étui pamoja na pistolet, ikapita ndani ya gachette, na wakati alisukuma, shanga ilifanya kazi ya kidole. Kitu ya wazi. Mutu mwenye macho aliona. Mais Commandant akasema: «Nani alikutuma? Ni bale ba mu pori?»

Hapo, bandugu, haya ikaondoka, ikabakia woga. Munakumbuka ile wakati. Mutu akiulizwa vile, sijue ginsi ya kuwaambia... Kuko benye baliulizwa vile na hatukubaona tena, tulipewa tu habari yao na batu benye banasema polepole. Bakaniweka koti mukononi, bakasema «Telema! Simama, tembea!», na bakanipitisha mu soko mpaka ku bureau yao, na bamoja kati ya bale bajeune banaita batu: «Muangalie! Mama wa koti ya risasi!» Kuko mama muuza ndizi mwenye aliuliza kama ninazo zingine za kuuza.

Ku bureau nikakalishwa chini. Commandant alikuwa ameshabadirisha chemise. Akatandika koti ku meza.

«Hii kamba ni ya kazi gani?»

«Ya kufinya kiuno, Afande.»

«Ya kufinya gachette!»

«Afande, mimi nashonaka uniforme ya chorale. Mu gachette hakuna kitu najua.»

Kavira akafika na pasta, na nyuma yao bakamuleta Kambale juu ya pikipiki, muguu imefungwa bandage nyeupe. Roho yangu ikarudia. Nikasema: huyu njo atasema. Commandant akamuuliza, na akamuuliza vizuri, siwezi kumuonea kwa hii: «Kambale. Mbele ya kuirudisha, uliangalia?»

Kambale akaniangalia. Akaangalia Kavira. Kisha akaangalia Commandant, na macho ikabakia pale.

«Niliangalia, Afande. Kila kitu ilikuwa sawa. Ni kamba.»

Sikujua kama mutu anaweza kusikia moto ya hasira ndani ya woga, mais inawezekana. Pasta akaomba, akaomba, akasema huyu mama ni muimbaji wa kanisa, anajulikana Butembo nzima, hana ndugu mu pori. Mwisho Commandant akachoka. Akasema basi, haiko mambo ya kutumwa, ni ujinga tu, na ujinga ina dawa: nitarudia mu ile lupango, mbele ya familia mbili na bajirani, nitapiga magoti, nitaomba musamaha.

Na nilipiga. Munisikilize vizuri: nilipiga magoti mu udongo, karibu na ile nyungu, mbele ya mutu mwenye alijipiga risasi yeye mwenyewe, na nikasema: «Naomba musamaha juu ya koti.» Mutu mumoja nyuma akacheka. Tantine akalia. Kambale alikuwa amekaa ku kiti ya Commandant, muguu juu ya tabureti, anaangalia chini. Soda akakata ile kamba yenye ilibakia na kisu, akanitupia mapajani.

Mbele nirudie Butembo, habari ilikuwa imeshafika. Bamama ba chorale bakakuja kuchukua vitambaa vyao, na heshima, na kutabasamu, eti bamekumbuka kama kuko fundi mwengine wa kushona. Mutu mumoja akaniuliza kama robe yake itatoka na chargeur ya risasi.

Miezi ikapita. Siku moja Kambale akaingia ku atelier, anachechemea kidogo, bila pistolet. (Commandant alimupeleka kulinda dépôt ya mafuta, na fimbo.) Kavira alikuwa nyuma ya rideau, ile pazia yangu, niko namujaribisha robe ya ndoa, juu ndoa ilikuwa inaendelea tu, mapendo haisikiake akili. Kambale hakumuona. Akakaa.

«Yaya, nilikuja kukuambia kitu. Siku ile sikuangalia.»

«Najua. Nilikuona.»

«Hapana, haujue yote. Kule ku formation ya bunduki balitufundisha. Balisema pistolet yenye haina sûreté inaomba heshima. Gachette yake ifunikwe na étui, kitu ingine isikaribie. Mbele ya kurudisha, toa nguo pembeni na mukono ya kushoto, angalia shimo ya étui na macho, rudisha polepole, hakuna mutu anakukimbiza. Na ukisikia inakataa, acha. Toa. Angalia ni nini. Usisukume kamwe.»

«Na wewe ulisikia inakataa?»

Akainama. «Niliisikia.»

«Na ukafanya nini?»

«Nikasukuma. Kavira alikuwa ananiangalia.»

Nilikuwa na makasi mukononi, na nilifikiri ni vizuri niiweke chini, nikaiweka chini.

«Donc ulijua. Ku bureau, wakati bananiuliza nani alinituma, ulijua.»

«Yaya, ningesema, bangenifukuza. Ama mubaya zaidi.»

«Na mimi? Mimi bangenifanya nini? Ulifikiri bananipeleka kunywa chai?»

Kisha akasema kitu yenye ilinichoma kupita yote: «Nakuomba musamaha, Yaya.» Pale! Mu kachumba, sisi babili, mulango imefungwa.

«Hapana,» nikasema. «Mimi niliomba yangu mbele ya batu. Wewe uende useme yako Beni.»

«Batu kule bameshasahau.»

Rideau ikafunguka. Kavira akatoka na robe, mapini yote ku mbavu, muzuri sawa malaika, na uso ya mutu wa kupiga mutu. Akasema: «Yaya, unitoe hii robe. Nitaivaa siku huyu atasema.» Akageuka kwangu, mapini inamuchoma, analia, na hakutaka nimupanguse machozi.

Kambale akasema basi. Alisema siku ya ndoa, Beni, kisha batu kumaliza kula, na alichagua wakati yake vizuri, ule muhuni: chorale ilikuwa inaanza kujaribu sauti, na yeye akakamata micro mbali na mudomo, akasema mbio mbio sawa mutu anasoma dawa. Nikasimama. Familia yote ikanishika nguo, kaa, Masika, kaa. Sikukaa. Nikasema: «Ba nyuma habakusikia.»

Akaniangalia. Chorale ikanyamaza. Akaleta micro karibu, akarudia, neno kwa neno: kamba iliingia, hakuangalia, alisikia inakataa, akasukuma, na Yaya Masika alipiga magoti juu ya kosa yake. Mama yake Kambale akasimama, akapita katikati ya meza, akakuja akanishika mikono mbili, akasema tu «wasingya, wasingya», sijue alikuwa ananishukuru juu ya nini. Na mutu mumoja nyuma akacheka tena. Nafikiri ni yule yule.

Commandant hakukuwa pale. Bakubwa bake balimupa cheo ingine, akapelekwa fasi ingine, na sijue kama kule anaelezeaka habari ya bambuzi. Yeye hajaniomba musamaha mpaka leo.

Basi mimi nimeapa. Mutu mwenye chuma ku kiuno haingii mu atelier yangu, aiache kwake, na kamba atajitilia mwenyewe. Na tena nimeapa sitapiga tena magoti juu ya kosa ya mutu mwenye bunduki, ata aniangalie ginsi gani. Ile naapa kila mara naelezea hii habari, na sauti kubwa. Mais naiapa nikiwa hapa na ninyi, na chai yetu, na hakuna mutu mwenye ameniwekea kitu ku meza.